Maji Tele

Mwaka aliougua Kipaza ulikuwa mwaka wa neema kwa hoteli zote za mji ule. Vyumba vilijaa, mashine za kufulia shuka hazikupata nafasi ya kupoa, na meneja wa hoteli ya mlimani alikuwa akipita koridoni anapiga mluzi. Binti wa Kipaza alikuwa mpokezi katika hoteli hiyo. Alishinda kaunta akigawa funguo na kutabasamu hadi mashavu yakamuuma. Wageni walimiminika kutoka kila upande wa dunia, isipokuwa upande mmoja tu, na ni huo mmoja aliouhitaji.

Kipaza lilikuwa jina la utani. Baba huyo wa mpokezi alikuwa mwongoza watalii, na madereva walimbandika jina hilo kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kipaza sauti ndani ya basi. Watalii wake walikuwa wa nchi moja, nchi ya milima na theluji, watu wazima wenye kofia za majani na viatu vizito. Miaka nenda rudi walikuja kwa makundi, ndege moja tu kutoka kwao mpaka hapa. Lugha yao hakuisomea darasani. Aliiokota kwao wenyewe, neno hapa neno pale, na wengi wao walikuwa watu wa mashambani, kwa hiyo akaiokota ya mashambani. Walimwambia kwamba wakifumba macho wanadhani anaongea mjomba wao wa kijijini. Yeye alijivunia hilo kuliko cheti chochote.

Nyumbani, hata hivyo, hakuitumia lugha hiyo hata siku moja. Mkewe, enzi za uhai wake, alipomwomba aseme japo kidogo wamsikie, alijibu, "Hiyo ni ya kazini, mama. Umewahi kumwona mpishi anarudi nyumbani na sufuria ya hoteli kichwani?"

Kisha mambo yakaanza kugeuka, taratibu, kama jua linavyohama ukutani. Shirika la ndege likafuta ile safari ya moja kwa moja. Nchi nyingine, yenye bahari ya joto na hoteli mpya, ikawafungulia milango bila viza. Wale wazee wakachoka magoti, wengine wakafa, na watoto wao hawakutaka kuketi ndani ya basi wakisimuliwa habari za magofu. Makundi yakawa nusu basi, kisha gari dogo, kisha mtu na mkewe. Mahali pao wakaja wengine kutoka mataifa mengine, wengi kuliko wao, vijana wenye haraka ambao hulala siku moja mbili na kuongozwa na simu zao. Meneja akamshauri Kipaza ajifunze lugha ya hao wapya.

"Bosi, ulimi wangu umeshajaa," Kipaza alimjibu. "Ukimimina cha leo, kitamwagika cha jana."

Wakacheka wote wawili, lakini hakuitwa tena. Kwa muda aliendelea kufika getini kila asubuhi, amenyoa ndevu, kofia ya kazi kichwani, akisimama pembeni kama mtu aliyeahidiana na mwenzake. Baadaye akaacha. Akawa anakaa barazani akizitazama ndege zinazopita juu.

Kiharusi kilimkuta akifunga vifungo vya shati. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, sauti ikakatika. Siku kadhaa alilala kimya pale wodini, na binti yake akiomba Mungu sauti irudi. Ikarudi. Lakini ilirudi na lugha ya wageni peke yake. Kiswahili chote, pamoja na majina ya watu wake, kilikuwa kimefutika.

"Hutokea," daktari alisema. "Si mara nyingi, lakini hutokea. Kichwa kina vyumba vingi. Kimoja kimefungwa, kingine kimebaki wazi."

"Kitafunguliwa lini, daktari?"

Daktari alimtazama mgonjwa, akamtazama yeye, akasema wamrudishe nyumbani awe karibu na watu wake.

Shangazi, dada mkubwa wa Kipaza, akahamia pale na mkoba mmoja. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyotulia. Ndiye aliyemgeuza mgonjwa ubavu, aliyemwogesha, aliyefua mashuka hadi vidole vikachanika, wakati mpokezi akiwa kazini.

"Jamani, haya si maneno, ni kokoto," alisema siku ya kwanza, ameshika kiuno. "Mdogo wangu, hebu ongea na sisi. Mimi ni dada yako, si mtalii. Sikulipia tiketi."

Kipaza alimjibu maneno mengi, kwa adabu, na hakuna lililoingia sikioni.

Mpokezi alijaribu simu. Aliiweka karibu na mdomo wa baba yake, akasubiri itafsiri. Simu ilizungusha kiduara chake kwa muda, kisha ikaandika: Punda wa shemeji yuko juu ya ngazi.

"Juu ya nini?" Shangazi akauliza.

"Ngazi."

"We mtoto, zima hicho kitu. Hata simu nayo inamvunjia mzee heshima."

Wakacheka, kisha wakaona aibu kucheka. Simu ilijua lugha ya watangazaji wa habari, wala si ile ya mashambani inayotoka kwenye mdomo uliopinda. Akawaandikia watalii wa zamani waliokuwa wakimtumia baba yake salamu za mwaka mpya. Barua pepe zikarudi zenyewe. Moja tu ilijibiwa, na mjukuu: babu alishafariki, poleni sana.

Katika mvua yote hiyo ya maneno, kulikuwa na moja ambalo Kipaza alilirudia kuliko mengine. Alilisema akiamka. Alilisema mchana, ameugeukia mlango, mara nyingine kwa sauti ya kuuliza. Maiteli. Maiteli? Mpokezi alilitafuta kila mahali asilione. Shangazi ndiye aliyelifumbua.

"Hilo si la kwao, hilo ni la kwetu!" Akapiga paja lake kofi. "Sikiliza vizuri. Mai, teli. Maji tele! Ulimi umempinda, hawezi kulitamka sawasawa. Mtu anataka maji, tena mengi, na sisi tumekaa tunamtumbulia macho."

Ilikuwa furaha kubwa siku hiyo, kana kwamba mgonjwa amesimama na kutembea. Kumbe neno moja lilikuwa limenusurika. Tangu hapo, Kipaza akisema maiteli tu, kikombe kilifika. Shangazi alinunua kikombe cha plastiki chenye mdomo mwembamba, akawa anamwinua shingo na kumnywesha. Mara alimeza. Mara alifumba midomo na kugeuza uso, maji yakamteremkia shingoni, na Shangazi akamfuta huku akimkaripia.

"Unaomba mwenyewe, kisha unadeka. Kunywa, bwana."

Alikunywa, akatweta, akautazama mlango. Maiteli, akasema tena.

"Huyu ana kiu ya samaki," alisema Shangazi na kujaza kikombe.

Mpokezi alifurahia lile neno moja, lakini halikumtosha. Baba yake aliongea asubuhi nzima. Siku nyingine aliongea huku machozi yakimtoka, akimshika mtu mkono kwa ule mkono mzima, akingoja ajibiwe. Huenda alikuwa na maumivu mahali. Huenda kuna jambo alitaka lifanywe. Alikuwa akipungua kila siku, na kile chumba kimoja kilichobaki wazi kingefungwa nacho. Alichotaka mpokezi ni mtu mmoja tu wa kutoka huko, aketi pale kitandani kwa muda wa kunywa chai, amwambie baba yake anasema nini.

Mwisho wa mwezi meneja aliwakusanya wafanyakazi katika ukumbi wa chakula kuwaonyesha takwimu za wageni. Ukutani kulikuwa na mistari ya rangi.

"Huu mwekundu mnauona unavyopaa? Hawa zamani hatukuwa nao hata mmoja. Huu wa kijani nao usipime. Kwa jumla, ndugu zangu, hatujawahi kupata mwaka kama huu."

"Bosi, na mstari wa mishahara ni rangi gani?" mpishi aliuliza. "Natazama, siuoni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpokezi alikuwa akiutazama mstari wa kahawia. Ulianza juu kuliko yote, upande wa zamani, ukateremka, ukajikongoja, hadi ukalala chini kabisa.

"Na huu wa kahawia, bosi?"

"Huo nimesahau kuufuta. Hao wameshahama, dada. Siku hizi wanakwenda kwingine. Tusipoteze nguvu zetu."

"Hakuna hata mmoja anayetarajiwa?"

"Kwani unamtafuta nani?"

"Yeyote," alisema.

Watu wakacheka tena, wakidhani ni mzaha wa pili. Dereva wa hoteli hakucheka. Ndiye aliyekuwa akiendesha basi la Kipaza enzi zile. Kikao kilipokwisha alimfuata mpokezi kaunta.

"Mzee vipi?"

"Hivyo hivyo, kaka. Anaongea kutwa, na hakuna anayemsikia."

"Niachie mimi. Uwanja wa ndege nashinda huko kila siku. Akishuka mmoja tu, nitamnusa."

Hakushuka haraka. Kipaza aliacha kula chakula kigumu, kisha hata uji ukamshinda. Sauti iliyompa jina ikawa kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Maiteli tu ndilo lililobaki kusikika wazi, na kikombe kiliendelea kufika.

Siku dereva alipopiga simu, mpokezi alikuwa na foleni mbele yake.

"Dada, nimekamata mmoja!"

"Mmoja nani?"

"Wa kahawia! Bibi mmoja wa mkongojo, yuko hoteli ya jirani. Nimemweleza habari yote, amekubali. Lakini kesho anaondoka, kwa hiyo tunakwenda leo leo."

Mpokezi aliomba ruhusa, na kwa mara ya kwanza hakungoja jibu.

Bibi mgeni alikuwa amefika mjini zamani na mumewe, sasa alikuwa peke yake. Kupanda ndege moja hadi nyingine kulikuwa kumemchosha. Hakumkumbuka Kipaza, wala hakujifanya anamkumbuka. Yeye na mpokezi waliongea kwa lugha ya kaunta, ambayo si ya huyu wala ya yule. Shangazi alimkaribisha kwa mikono yote miwili, akakimbilia jikoni kuchemsha chai, na bibi akavuta kiti karibu na kitanda. Akasema jambo fupi kwa lugha yao.

Kipaza akafumbua macho.

Mkono wake mzima ukapanda kichwani, ukapapasa kutafuta kofia. Uso ukakunjuka. Akaanza kuongea, na ilikuwa ile sauti ya zamani, imechakaa lakini ni yenyewe, inapanda na kushuka, inasimama pale ambapo watu hucheka. Bibi alicheka kweli, mara moja. Kisha akavua miwani yake akaifuta.

"Anasema nini?" mpokezi aliuliza.

"Anatukaribisha. Anasema tuangalie vichwa vyetu, mlango ni mfupi. Upande wa kushoto, anasema, ni mnara wa zamani." Upande wa kushoto kulikuwa na kabati la nguo. "Sasa anauliza kwa nini tuliacha kuja."

Kipaza akaongeza jambo, bibi akainama kumsikiliza.

"Anauliza kama alitukosea. Kama kuna mtu alilalamika."

"Mwambie hapana."

"Nimemwambia. Nimesema ni ndege tu, ni bei, watu hufuata njia rahisi." Bibi akairudisha miwani yake usoni. "Sidhani kama hilo limemfariji."

Kipaza alikuwa ameugeuzia uso mlango. Maiteli? akauliza.

Mpokezi akainuka, akakichukua kikombe akajaze maji. Bibi akamshika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Anataka maji."

"Hakuomba maji."

"Amesema maiteli. Hilo ni la kwetu, ni maji tele, ulimi tu ndio..."

"Hapana. Hilo ni la kwetu sisi," bibi alisema. "Hulipati vitabuni, ni la mashambani. Mimi mwenyewe bibi yangu aliniita hivyo. Maiteli ni binti mdogo. Kibinti changu. Tangu nimeketi hapa anauliza kibinti chake kiko wapi. Anasema anamwita, anamwita, haji."

Mpokezi alibaki amesimama, kikombe mkononi. Alikuwa amefika kila alipoitwa. Alikuwa amefika mbio.

"Nasikia maji tele huko!" Shangazi alipaza sauti kutoka jikoni, vijiko vikigongana. "Naja sasa hivi!"

"Tulia, shangazi," mpokezi alisema, na akashangaa sauti yake imetoka sawasawa. "Tumeshampa."

Akakiweka kikombe chini. Akamwambia bibi, "Mwambie ni mimi."

Bibi akamwambia. Kipaza akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kwa heshima, kama alivyowatazama watalii walioonyesha kidole kilima kisicho chenyewe. Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono kando ya kitanda, kiganja chini, kuonyesha urefu wa mtoto.

"Anasema wewe ni mtu mzima," bibi alisema polepole. "Wake ni mdogo, yuko hivi."

Walipokunywa chai na Shangazi akawa amemaliza kumshukuru mgeni, mpokezi alimsindikiza hadi garini. Hapo mlangoni mwa gari akamwomba amfundishe sentensi moja: baba, niko hapa. Bibi akaisema, naye akairudia, mara nyingi, huku dereva akingoja bila kuwasha injini.

Kesho yake, mstari wa kahawia uliondoka pamoja na bibi, katika ndege ya kwanza kati ya mbili za kumrudisha kwao.

Mpokezi alishinda kaunta akiisema sentensi ile kimoyomoyo ili isimponyoke. Alipomkabidhi kijana mmoja ufunguo ikamtoka kwa sauti, na kijana, akidhani ni salamu ya wenyeji, akainama akaijibu hivyo hivyo. Alirudi nyumbani mapema. Shangazi alikuwa ametoka kununua sabuni. Mpokezi alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika baba yake mkono, akaisema.

Kipaza akafumbua macho. Akatabasamu, na mpokezi aliijua tabasamu ile. Akainua kidole, akaitamka sentensi upya, taratibu, kipande kwa kipande, akamwashiria airudie. Akairudia. Akamsahihisha mahali pamoja. Akairudia tena, na safari hii Kipaza akaridhika, akampigapiga kiganjani. Ndivyo alivyowafanyia watalii waliojikaza kusema asante na habari za asubuhi. Machoni pake binti yake alikuwa mgeni, mgeni mwerevu.

Kisha akamvuta karibu. Kwa sauti ya chini, ile anayopewa mgeni uliyempenda, akaanza kumsimulia jambo. Mpokezi hakuelewa kitu, mpaka maiteli likapita. Likapita tena. Akajua kwamba anasimuliwa habari zake mwenyewe. Kipaza alicheka katikati, kifua kikitikisika, akaonyesha tena ule urefu kando ya kitanda, akaendelea. Mpokezi aliitikia kwa kichwa mahali ambapo mgeni angeitikia, akacheka alipocheka. Kila lilipopita lile neno alilikamata, na mengine yote yakaenda zake, wala hapakuwa tena na wa kumuuliza. Baba yake alipochoka, alimfunika shuka na kubaki pale pale sakafuni mpaka Shangazi akabisha hodi na sabuni zake.

Kipaza alifariki kabla wiki haijaisha, asubuhi, mpokezi akiwa njiani kwenda kazini.

Watu walijaa. Madereva walikuja na sare zao. Meneja alituma shada la maua, kisha akaja mwenyewe, akasema mzee alikuwa nguzo ya utalii, na hakuna aliyembishia. Shangazi alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, macho yamevimba, akisimulia kwa kila aliyeingia.

"Alinisumbua mdogo wangu, sitawaficha. Lakini nawaambia, maji hakukosa hata siku moja. Kiswahili chote kilimtoka, likabaki hilo moja tu, na hilo nililielewa mimi. Maji tele. Na siku ile ya mwisho ndilo alilolisema. Nikamwinua shingo, nikamwekea kikombe, akanywa kidogo. Ndipo akaenda. Hakwenda na kiu." Akainua uso, akamtafuta mpokezi aliyekuwa akipita na trei ya vikombe. "Au siyo, mwanangu? Si wewe shahidi?"

Wanawake wote wakamgeukia. Mpokezi aliitazama mikono ya Shangazi pale mapajani, vidole bado vina michaniko ya kufua, na ule uso unaongoja.

"Ni kweli, shangazi," alisema. "Alikuwa anaomba maji."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akajifuta kwa pindo la nguo yake, akaanza upya kwa waliofika nyuma. Nje watu wengine walikuwa wanabisha hodi. Mpokezi akaweka trei chini, akaenda kuwapokea.